Macho Kwanza, Ada Baadaye

Mdogo wangu unayeutaka urubani, sogea hapa tuongee kabla baba hajauza shamba. Najua picha ya kapteni mwenye mistari minne begani umeitazama kwenye simu mpaka kioo kimechoka. Sikucheki. Kutamani si dhambi, na wengi waliokaa kiti cha mbele leo walianza hivyohivyo, wakitoka mbio nje kila wakisikia mlio angani. Ninachotaka kukupa ni mpangilio tu. Vijana wengi hawakwami kwa kukosa akili, wala si wote wanaokwama kwa kukosa hela. Wanakwama kwa sababu wameanza na jambo la mwisho, nalo ni kulipa.

La kwanza ni mwili wako. Rubani wa kubeba abiria lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na hicho hakipatikani zahanati ya mtaani. Unakipata kupitia daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Atakupima macho, masikio, mkojo, na moyo kwa ile mashine ya kuchora mapigo, kisha atakuuliza maswali mengi kuhusu ulivyougua tangu utotoni. Halafu atafungua kitabu cha vidoto vya rangi na kukwambia usome namba iliyojificha katikati. Kuna ukurasa mmoja wenzako wanasoma 74, wewe unasoma 21. Hapo ndipo unagundua kwamba miaka yote hii nyekundu na kijani zimekuwa zikikuchanganya, na hukujua. Ungejuaje? Hali hiyo watu wanazaliwa nayo, wavulana zaidi kuliko wasichana, na haiumi. Ukishindwa ukurasa huo si lazima mambo yawe yamekwisha, kuna vipimo vya ziada. Ila ni heri uyajue hayo leo kwa bei ya kipimo kuliko kuyajua wakati nusu ya ada imeshaenda.

Na miwani je? Hebu tulimalize hilo, maana linawaliza wengi bure. Miwani haimzuii mtu kuwa rubani. Kinachotakiwa ni uone vizuri ukiwa umeivaa. Aliyekwambia uache ndoto kwa sababu unavaa miwani hakuwa na ubaya, alisikia tu mahali naye akakupasia.

Lakini, mdogo wangu, usimfiche daktari kitu. Kama uliwahi kuanguka kifafa, kama una selimundu au kisukari cha kuchoma sindano, sema. Najua inauma kulisema jambo linaloweza kukufungia mlango. Utajaribiwa unyamaze, na utapata hata wa kukushauri unyamaze. Basi waza siku hiyo uko juu ya ziwa usiku, nyuma yako kuna mama kapakata mtoto, na mwili wako ukakataa. Siri ya namna hiyo haibaki yako peke yako.

Haya, tuje shuleni. Kidato cha pili kikiisha huwa kuna kukimbia: Fizikia ngumu, Hisabati mwalimu mkali, acha nikasome yanayokaririka. Wewe usikimbie. Ukibahatika kufika kidato cha tano, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) ndiyo njia iliyonyooka. Na wewe uliyeko HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) tayari, acha kulia. Vyuo havifanani masharti, vingine vinaanzia kwenye matokeo ya kidato cha nne ya Hisabati, Fizikia na Kiingereza, hivyo uliza chuo unachokitaka, na kama unatakiwa kurudia somo, rudia. Hakuna aliyekufa kwa kurudia Hisabati.

Tena usidhani masomo hayo ni geti la kuingilia tu, ukishapita unayasahau. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Mchana wa jua kali hewa ya huko inakuwa nyepesi, mabawa yanapata nguvu kidogo, injini nayo inapungukiwa, na ndege ileile iliyoruka kirahisi pale Tanga inahitaji lami ndefu zaidi. Hiyo ni Fizikia ya kidato cha tatu uliyotaka kuikimbia. Hesabu nazo zinafanyika kichwani: ndege iko futi 35,000, unazidisha 35 kwa 3, unapata 105, basi takriban maili 105 za baharini kabla ya uwanja ndipo unapoanza kushuka. Kapteni hatakusubiri utafute kikokotoo.

Kuna kitu unaweza kuanza nacho usiku wa leo, bure, na simu hiyohiyo uliyowekea picha ya kapteni. Tafuta taarifa za hali ya hewa za viwanja, zile wanazoziita METAR. Utakuta mstari wa namna hii: HTDA 120600Z 16008KT 9999 FEW020 29/24 Q1013. Usiogope. HTDA ni uwanja wa Julius Nyerere, Dar. Tarehe 12, saa 0600 kwa majira ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa tatu asubuhi. Upepo unatoka nyuzi 160, yaani kusini kuelekea mashariki kidogo, kwa mwendo wa noti 8, kipimo kilekile cha manahodha. Ndiyo kusi hiyo, hata babu mvuvi angekwambia. 9999 maana yake unaona kilomita 10 au zaidi. Mawingu machache kwenye futi 2,000. Joto ni 29, na 24 ni kiwango ambacho hewa ikipoa kukifikia umande unaanza. Namba hizo mbili zikisogeleana alfajiri, kaa ukitegemea ukungu. Mwisho ni mgandamizo wa hewa. Sasa jiulize: lami kuu ya Dar imeandikwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili, maana yake inaelekea karibu nyuzi 50 na nyuzi 230. Upepo huo unaipiga ndege wapi? Ubavuni. Soma mstari mmoja kila asubuhi kabla ya uji, na utakapofika darasani mwenzako atakuwa anahangaika na herufi wewe unawaza mawingu.

Kiingereza pia usikidharau, wala usikiogope. Kipimo cha kimataifa kina ngazi sita, na rubani wa safari za kimataifa anatakiwa afike angalau ya nne. Hawatafuti lafudhi ya London. Wanataka ueleweke redioni, uelewe, na urudie agizo ulilopewa bila kulikosea. Ukiwa kwenye daladala soma namba za magari kwa alfabeti ya marubani: DKB ni Delta Kilo Bravo. Ukichekwa, chekwa, kituo kikifika utashuka.

Wasichana, nyie nawaambia pembeni. Mtaambiwa kazi hii ni ya wanaume, na mbaya zaidi mtaambiwa na watu mnaowapenda. Irene Koki Mutungi wa Kenya alianza mafunzo pale Wilson, akaenda kuendelea Marekani, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Ndiyo, baba yake naye alikuwa rubani, sitakudanganya kwamba wote tunaanzia mstari mmoja. Ila mtihani hakufanyiwa na baba.

Sasa ada, na hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Mafunzo kamili mpaka leseni ya biashara yanakula makumi ya maelfu ya dola. Ukipiga kwa shilingi za Tanzania unaweza kuvuka milioni mia. Penye hela za namna hiyo hapakosi wajanja. Wa kwanza ni yule anayekuuzia kozi ya "mambo ya anga" ghorofani mjini, sare nzuri, tai na kila kitu, na ndege haipo hata moja. Soma vizuri: mara nyingi hiyo ni kozi ya wahudumu wa ndani ya ndege au ya kukata tiketi. Ni kazi za heshima, lakini hazikufanyi rubani. Wa pili ni wakala anayekuharakisha ulipe ada yote kwa mkupuo upate "punguzo". Mdogo wangu, tamaa mbele, mauti nyuma. Piga simu mamlaka ya anga uulize kama chuo hicho kimeidhinishwa, na kama ni cha nje, uliza leseni yake utaibadilishaje ukirudi. Kisha lipa kidogokidogo kadiri unavyoruka. Ukienda kukitembelea, usihesabu ndege zilizoegeshwa, hesabu zinazoruka. Wavute pembeni wanafunzi uwaulize wanakaa muda gani bila kupata ndege au mwalimu. Hao watakwambia ukweli ambao kipeperushi hakina.

Pa kuulizia papo. Wilson kuna vyuo kadhaa. Uganda kuna Soroti, chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Ethiopia wana chuo chao Addis Ababa, na Watanzania wengi huenda Afrika Kusini. Kabla hujachagua chochote, lipia saa moja tu ya kuruka na mwalimu. Wapo wanaogundua siku hiyo kwamba walipenda sare, siyo anga, na si aibu kugundua.

Viwango vya kimataifa ni hivi: miaka 17 kwa leseni binafsi na angalau saa 40 angani, miaka 18 kwa leseni ya biashara na saa 200, au 150 ukisoma kozi nzima iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa, ni miaka 21 na saa 1,500. Umeiona nafasi iliyopo kati ya 200 na 1,500? Humo ndimo wengi wanamolia. Leseni unayo, deni unalo, kampuni inataka mwenye uzoefu, na shangazi kila Jumapili anauliza unaanza kazi lini. Jiandae kwa hilo mapema. Wengine wanafundisha wanafunzi wapya, wengine wanarusha Cessna Caravan za watalii kwenye viwanja vya vumbi kama Seronera kule Serengeti, ambako kwanza unatazama kama kuna swala kwenye njia ndipo utue. Usiidharau kazi hiyo, inafundisha. Na kama hela haipo kabisa, kuna njia ya kuzunguka: uongozaji wa ndege unasomewa chuo cha TCAA Dar, ufundi wa ndege unasomewa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo. Utapata mshahara, utazijua ndege, na bado una ujana wa kutosha.

Katika muda huo wa njaa utajaribiwa tena. Saa zako unaziandika mwenyewe kwenye kitabu cha rubani, na kuna watu huongeza saa kwa kalamu. Ukisikia mwenzako anasifia hilo, kaa naye mbali. Saa ambazo hukuruka hazitakusaidia mvua ikikukuta, na mamlaka wakikushika leseni inaondoka, na jina pia, maana dunia ya marubani wetu ni ndogo, wote wanajuana.

Wala usimnunie mama akisema anaogopa. Mwonyeshe mpango wako, hatua kwa hatua, na bei zake. Mzazi anaogopa zaidi mtoto mwenye ndoto bila karatasi.

Basi likizo hii usitafute wakala, usitafute sare. Nenda kapime macho, rangi zikiwemo, kisha rudi uniandikie umesoma 74 au 21.