SOMO LA KIINGEREZA: VIJINENO VITATU VYENYE NGUVU

Msomaji akiona tangazo la kazi mjini Nakuru lisemalo "Wanted: a driver and mechanic", yampasa aelewe kwamba anatakiwa mtu mmoja tu, ajuaye kuendesha gari na kulitengeneza pia. Lakini tangazo likisema "Wanted: a driver and a mechanic", basi wanatakiwa watu wawili, dereva na fundi. Tofauti ni herufi moja tu, yaani "a". Hata hivyo dereva asiyejua ufundi, naye asiitambue herufi hiyo, aweza kulipa nauli kutoka Molo mpaka Nakuru na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Vijineno "a", "an" na "the" huwasumbua wengi wajifunzao Kiingereza, wala si ajabu. Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo, Kikuyu hakina, na hata Kirusi, lugha ya taifa kubwa la Ulaya, hakina. Kiarabu kinayo "al", nasi tumeipokea bila kujua ndani ya maneno kama Alhamisi, alasiri na alfajiri. Lakini kwetu sisi "al" hiyo ni sehemu ya neno tu, haina kazi tena.

Hata hivyo, maana ya vijineno hivyo si ngeni kwetu. Mtu akisema "Nimeleta gunia", msikilizaji hajui ni gunia gani. Akisema "Nimelileta gunia", twafahamu mara moja kwamba ni lile lililokwisha kuzungumzwa. Kwa Kiingereza sentensi ya kwanza ni "I have brought a sack", na ya pili ni "I have brought the sack". Kazi ambayo sisi twaifanya kwa "li" ndani ya kitendo, au kwa "lile" na "hilo", Waingereza huifanya kwa "the". Tena asili ya maneno hayo yathibitisha jambo hili: "an" ilitoka katika neno la kale la Kiingereza lenye maana ya "moja", na "the" ilitoka katika maneno yenye maana ya "yule" au "kile".

Basi shika kanuni hizi.

KANUNI YA KWANZA. Tumia "a" au "an" ukitaja kitu kimoja kati ya vingi, ambacho msikilizaji hajakijua bado. Usisahau kuitumia utajapo kazi ya mtu. Sisi husema "Mimi ni mwalimu", lakini Kiingereza sahihi ni "I am a teacher", si "I am teacher". Kosa hili huonekana mara nyingi katika barua za kuomba kazi, na mwajiri huliona katika mstari wa kwanza.

"An" hutumika mbele ya sauti ya a, e, i, o au u. Sikiliza sauti, usitazame herufi. Twasema "an egg" na "an ox". Twasema pia "an hour", kwa sababu "h" yake haitamkwi. Lakini twasema "a university", kwa kuwa neno hilo huanza kwa sauti ya "yu".

KANUNI YA PILI. Tumia "the" ikiwa wewe na msikilizaji wako mwajua ni kitu gani kinachotajwa: ama kimekwisha kutajwa, ama kiko kimoja tu kama jua, "the sun", ama maneno yafuatayo yanakieleza, kama "the cow with one horn", ng'ombe yule mwenye pembe moja.

Kanuni hii ina uzito mkubwa katika mapatano. Mtu akiandika "I will sell you a plot", hakuahidi kiwanja chochote maalum. Akiandika "I will sell you the plot next to the church", amekitaja kiwanja kimoja kinachojulikana. Kabla ya kutia sahihi karatasi ya Kiingereza, chunguza vema ni neno lipi lililoandikwa.

KANUNI YA TATU. Usitumie "a" kwa vitu visivyohesabika, kama maziwa, mahindi, maji, habari na shauri. Si sahihi kusema "a milk" wala "an advice". Sema "a litre of milk" au "a piece of advice". Ukisema habari ya kitu kwa jumla, usitumie kijineno chochote: "Milk is good for children". Lakini ukisema habari ya maziwa yale yaliyomo katika mkebe huu, sema "The milk in this can is sour".

KANUNI YA NNE. Maneno kama "school", "hospital", "church" na "prison" huachwa bila "the" mtu awapo mahali hapo kwa kazi yake hasa. "My brother is in prison" maana yake ndugu yangu amefungwa. Ikiwa ndugu yako ni askari wa gereza, au amekwenda kumtazama mtu, sema "My brother is at the prison". Hapo "the" inalinda jina jema la mtu.

KANUNI YA TANO. Majina ya maziwa na ya mlima mmoja mmoja hayana "the": Lake Nakuru, Lake Naivasha, Lake Elmenteita, Mount Longonot. Lakini mito, safu za milima na bahari huwa nayo: the Malewa, mto uingiao ziwa la Naivasha, the Aberdares, yaani milima ya Nyandarua, the Indian Ocean. Bonde letu la Ufa huitwa "the Rift Valley". Chuo kilichoanzishwa Njoro mwaka 1939, kikawa chuo kikuu mwaka 1987, huitwa Egerton University bila "the". Bali chuo kikuu cha Nairobi huitwa the University of Nairobi, kwa sababu ya "of" iliyomo katikati.

Jihadhari pia na maneno "few" na "little". "I have a few friends in Nakuru" maana yake ninao marafiki kadhaa, nami nashukuru. "I have few friends in Nakuru" maana yake marafiki zangu ni wachache mno, nami nasikitika. Vivyo hivyo, "We have a little water" humpa mgeni tumaini, na "We have little water" humwonya.

ZOEZI. Fasiri maneno haya kwanza, ndipo utazame jibu: "Jana nilinunua ng'ombe na mbuzi sokoni. Ng'ombe anatoa maziwa mengi, lakini mbuzi ni mgonjwa. Mwanangu ni daktari wa mifugo, naye atafika baada ya saa moja."

JIBU. "Yesterday I bought a cow and a goat at the market. The cow gives plenty of milk, but the goat is sick. My son is a vet, and he will arrive in an hour."

Tazama: wanyama walipotajwa mara ya kwanza walipewa "a", na mara ya pili "the". "Milk" haikupewa kitu. "Vet" ilipewa "a" kwa kuwa ni kazi, na "hour" ikapewa "an" kwa ajili ya sauti yake.

Kila uandikapo jina la kitu kwa Kiingereza, jiulize maswali mawili: Je, chahesabika? Je, anisomaye akijua ni kipi? Ukijibu maswali hayo kwa uangalifu, utaepukana na makosa mengi.