SOMO LETU: HERUFI NENE NA KAZI YAKE



Siku moja tuliitisha mkutano hapa Mutanga Sud juu ya malipo ya saa za ziada. Tangazo nililitengeneza mimi. Nilitaka livutie watu, basi nikaliandika lote, toka juu hadi chini, kwa herufi nene za mviringo. Lilipotolewa fotokopi, wino uliziba matundu ya tarakimu, na saa 8 mchana ikasomeka saa 6. Waliokuja saa 6 walikuta mlango umefungwa, wakaondoka. Saa 8 tulikuwa wachache mno, azimio halikupita. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo sababu ya somo hili.

Herufi hiyo ni ipi?

Jina lake ni Cooper Black. Ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, Marekani, ikatolewa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi za chapa cha Barnhart Brothers & Spindler. Kazi yake ilikuwa matangazo ya biashara. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilipendwa tena sana. Jalada la santuri ya Beach Boys iitwayo Pet Sounds, ya mwaka 1966, liliandikwa kwa herufi hiyo. Leo imo katika kompyuta nyingi, na shirika la ndege la easyJet huandika jina lake kwa herufi hiyo hiyo.

Kwa nini inavutia?

Ni nene, kwa hiyo huonekana toka mbali. Kona zake zimeviringwa kama andazi. Haina ncha nyembamba za kukatika, hivyo hata ukiipaka kwa brashi juu ya kitambaa haiharibiki upesi. Lakini unene huo huo hula nafasi ya ndani. Ukiiandika ndogo, a na e huziba, na 6 na 8 hufanana.

Tuitumie vipi?

1. Iwe kwa maneno machache: kichwa cha tangazo, jina la chama, bango la Mei Mosi. Kama tangazo lina Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, vichwa tu ndivyo viwe vinene.

2. Siku, saa na mahali viandikwe kwa herufi nyepesi, zilizo wazi. Saa iandikwe pia kwa maneno: saa nane mchana.

3. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa. Herufi hii husomeka vizuri zaidi ikiwa ndogo baada ya ile ya kwanza.

4. Kumbuka kwamba sura yake inacheka. Inafaa kwa sherehe, michezo na kukaribisha wanachama wapya. Haifai kwa tangazo la msiba, wala kwa onyo la hatari kwenye mashine au pipa la dawa ya shambani. Hapo tumia herufi nene zilizonyooka, zisizo na mchezo.

Zoezi

Bandika tangazo lenu ukutani kabla ya kulitoa fotokopi nyingi. Toa moja tu kwanza. Mwite mwenzako asiyejua habari za mkutano, asimame hatua kumi, asome kichwa. Kisha asogee, akuambie siku, saa na mahali. Akikosea hata moja, usimlaumu yeye. Andika upya.

Herufi nene huita watu. Herufi nyepesi huwafikisha mkutanoni.