Anataka kuuza nyumba ya Kasulo

SWALI: Tulinunua nyumba Kasulo, hapa Kolwezi, baada ya kuandikisha ndoa yetu komini. Sasa mume wangu anataka kuwauzia wachimbaji wa kobalti. Anasema fishi ya kiwanja ina jina lake pekee. Anaweza?

JIBU: Hawezi, mama, mpaka wewe ukubali. Ibara ya 499 ya Kanuni ya Familia ya Kongo inataka makubaliano ya mume na mke kabla ya kuuza nyumba au kuhamisha kiwanja, hata kama karatasi ina jina moja. Tena, kama hamkuchagua utaratibu wa mali siku ya ndoa, mlichonunua pamoja ni chenu nyote. Alichorithi kwa baba yake ndicho chake.

Wanaume wengi mjini bado wanaishi na sheria ya 1987, iliyomtaka mke aombe ruhusa ya mume. Ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Na huyo mnunuzi ajue kwamba madini yaliyo chini ya sakafu yenu ni mali ya Serikali, hata mkimuuzia nyumba.

Andika barua ya kupinga, upeleke kwa mkuu wa kartie na ofisi ya ardhi, ubaki na kopi yenye muhuri. Akiwa ameshauza, chukua cheti cha ndoa uende mahakama ya amani kuomba mauzo yafutwe. Usikawie, muda wa kudai una kikomo. Talaka haihitajiki: kesi ya nyumba inasimama peke yake.