Mafunzo Niliyopata Katika Wodi ya Wazazi

Nimekuwa mkunga kwa miaka mingi katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Mengi ya mafunzo haya niliyasikia chuoni, lakini wodini ndiko nilikoyaelewa. Yote yananirudisha kwenye jambo moja: mama huokoka pale hatari inapoonekana mapema, na aliye karibu naye saa zote ni muuguzi.

1. Damu ipimwe

Mama akishajifungua, damu hulowesha kanga na pamba, hutuama kwenye mpira wa kitanda, nyingine hutiririka hadi sakafuni. Ukimuuliza mkunga imetoka kiasi gani, atakujibu, "Ya kawaida tu." Hadanganyi, ila macho hupunja, hasa damu inapotoka polepole kwa saa nzima. Kwa miaka mingi kipimo cha kuvuja damu kupita kiasi kilikuwa mililita 500. Tuliijua namba hiyo kwa moyo, na hatukuwa na chombo cha kuipimia.

Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, linalotandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapozaliwa. Hatari ikionekana, matibabu yote huanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumchunguza mama ili kujua damu inatoka wapi. Sisi tulizoea kujaribu moja, kusubiri, kisha kujaribu jingine, na mama akizidi kupoteza damu.

Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu kupita kiasi hawakutambuliwa. Penye mfuko wa kupimia walitambuliwa zaidi ya asilimia 90, na uvujaji mkubwa pamoja na madhara yake mabaya kabisa ulipungua kwa asilimia 60. Dawa zilezile tulikuwa tunazijua. Kilichobadilika ni kupima na kutosubiri. Nilipoyasoma matokeo hayo niliwakumbuka akina mama wengi, na tangu hapo neno "ya kawaida" sitaki kulisikia kwenye ripoti.

2. Jokofu la dawa ni mali ya wodi nzima

Oksitosini inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Umeme ukikatika usiku kucha, au jokofu likifunguliwa kila mara kwa ajili ya maji ya kunywa ya wafanyakazi, dawa hudhoofika huku maji yake yakibaki maangavu vilevile. Mkunga atachoma uniti 10 kama alivyofundishwa, kisha atashangaa mfuko wa uzazi haukazi. Kwa hiyo joto la jokofu lisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, na maji ya kunywa yatafutiwe pengine.

3. Zamu ikabidhiwe kitandani

Ripoti inayosomwa ofisini kutoka kwenye daftari huacha mengi nje. Tukizunguka wote wawili, anayetoka na anayeingia, tunaiona dripu iliyosimama, tunagusa tumbo kujua kama mfuko wa uzazi umekaza, na mama mwenyewe anasikia yanayosemwa juu yake. Mara nyingi yeye ndiye anayetukumbusha kilichosahaulika.

4. Patografu ijazwe uchungu ukiendelea

Chombo hiki, chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu, kina asili ya Afrika, na nadhani wanafunzi wetu wangekiheshimu zaidi kama wangeijua historia yake. Philpott na Castle walikitengeneza Harare, wakati huo ukiitwa Salisbury, wakachapisha kazi yao mwaka 1972. Madaktari walikuwa wachache, na mkunga aliye peke yake kwenye kliniki ya mbali alihitaji kujua mapema kwamba uchungu umekwama, ili mama asafirishwe kabla hali haijawa mbaya. Mstari wa tahadhari na mstari wa hatua iliwekwa kwa ajili ya mkunga huyo. Patografu inayojazwa mtoto akishazaliwa, ili faili lipendeze, haimsaidii mtu yeyote. Mimi huona ni afadhali iwe na mapengo ya kweli.

5. Mama anayekaripiwa huficha dalili

Hili linaniuma kuliko yote, kwa kuwa halihitaji bajeti. Mama aliyeambiwa "acha kudeka" hatamwita nesi tena. Atanyamaza, na pengine alichotaka kusema ni, "Sista, kichwa kinaniuma sana, macho yanaona ukungu." Maneno hayo, presha ikiwa imefika 160 kwa 110, ni mlango wa kifafa cha mimba, na magnesiamu salfeti inapaswa kuwa mkononi tayari. Nimejifunza kumsikiliza hata mama mkwe anayekuja dirishani kusema mwanawe leo si yule wa jana. Anamjua kuliko mimi.

6. Idadi ya wauguzi ni sehemu ya tiba

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti kutoka hospitali za Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliongeza kwa asilimia 7 uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Huko hesabu ilianzia wagonjwa wanne kwa muuguzi. Mkunga wetu wa usiku anayehudumia leba na wodi ya waliojifungua kwa wakati mmoja anaweza kuwa hodari na mwenye huruma, lakini hawezi kuwa kwenye vitanda viwili kwa pamoja.

Ndiyo maana nawaomba wanaopanga zamu na bajeti waanze na usiku: mkunga wa pili, kipimajoto kwenye jokofu, mifuko ya kupimia damu. Nawe uliyempeleka mkeo, binti yako au dada yako kujifungua, ukiona pedi inalowa upesi au mama analegea, mwite muuguzi hapo hapo. Kama ametingwa, mwite tena.