Barua Inayokungoja Posta

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, tarishi hupeleka barua hadi mlangoni. Mwenye nyumba akitaka kusafiri, huiomba posta imshikie barua zake mpaka tarehe fulani. Hapa kwetu Ruponda mambo ni mengine. Barua huishia katika sanduku la posta, nasi huzifuata huko. Basi wengi hudhani kwamba maadamu sanduku limefungwa kwa ufunguo, kila kitu kitangoja mpaka mwenyewe arudi. Sivyo.

Barua ya kawaida hutiwa sandukuni. Lakini kwa barua ya rejesta au kifurushi, hutiwa karatasi ya taarifa tu. Mzigo wenyewe hukaa ofisini mpaka mwenyewe aje na kitambulisho, atie sahihi. Muda wa kungoja una mwisho, na ukipita, mzigo hurudishwa kwa aliyeupeleka. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, barua iliyoandikwa ingojewe posta huwekwa kwa kawaida mwezi 1. Ikiwapo sababu maalumu, huweza kufikishwa miezi 2.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja, mkulima wa korosho, ana sanduku Nachingwea. Amekwenda kutibiwa Muhimbili, Dar es Salaam, na kabla ya safari aliiomba posta imwekee rejesta zake mpaka tarehe 30 Juni. Sasa daktari anamwambia abaki wiki 4 zaidi. Wakati huohuo ndugu yake aliyeko Tanga amemtumia kwa rejesta cheti cha kuzaliwa cha binti yake, ambaye anataka kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu. Cheti kikirudi Tanga, huenda siku za kuomba zikapita.

Afanye nini? Kwanza, asingoje tarehe 30 ifike, bali apeleke habari mapema, muda wa kwanza ungali haujaisha. Pili, ataje namba ya sanduku, tarehe ya zamani na tarehe mpya. Tatu, aulize kama ombi limekubaliwa, kwa maana kuomba si kupewa. Nne, amwandikie mtu wa nyumbani barua ya idhini, ili posta ikikataa kuongeza siku, mtu huyo aende kuchukua.

Barua yake iwe fupi, kama hivi:

“Kwa Mkuu wa Posta, Nachingwea. Niliomba rejesta zangu ziwekwe mpaka 30 Juni. Kwa sababu ya matibabu sitarudi kabla ya 28 Julai. Naomba uniongezee muda mpaka siku hiyo. Kama haiwezekani, tafadhali mpe mwanangu, mwenye barua hii ya idhini na kitambulisho chake.”

Nanyi wanafunzi, barua zenu hupitia sanduku la shule. Kabla ya kufunga shule, mwambieni karani mtarudi lini na nani atawapokelea. Mkichelewa kurudi, mjulisheni tena. Wazazi, kumbukeni pia kulipa ada ya sanduku kila mwaka.

Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali
1. Kwa nini barua ya rejesta haitiwi sandukuni?
2. Mzee angengoja mpaka tarehe 5 Julai, lingetokea nini?
3. Andika barua ya kumwomba karani wa shule akuwekee barua zako wiki 2 zaidi.