Hewa Imebadilika, au Kipimo Kimehama?

Kifaa cha kupima hewa kilichoko sebuleni kilizoea kuonyesha namba 12 wakati wa alfajiri. Siku hizi kinaonyesha 30, na hakuna aliyechoma taka wala kuwasha mkaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa saa 24 wa chembe ndogo mno za vumbi na moshi, PM2.5, usizidi maikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mwenye nyumba ana haki ya kushtuka. Lakini kabla ya kufunga madirisha, tujiulize kifaa hiki kinaona nini hasa.

Kwanza, hakipimi uzito, ingawa kinaandika maikrogramu. Ndani mna feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza, na jicho la kielektroniki lililokaa pembeni mwa mwale huo. Hewa ikiwa safi, mwanga unapita zake na jicho linabaki gizani. Chembe ikikatiza, mwanga unatawanyika na sehemu yake inalifikia jicho, kama vumbi linavyong'aa kwenye jua linalopenya tundu la paa. Kutokana na mimweko hiyo kifaa kinakadiria ukubwa wa chembe, kisha uzito, kwa kanuni iliyowekwa kiwandani. Basi chochote kinachobadilisha mwanga kitabadilisha namba, hata kama vumbi ni lilelile.

Mshukiwa wa kwanza ni unyevu, hasa kwetu pwani. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, chembe kavu ya chumvi inanyonya maji mpaka inageuka tone, na kadiri unyevu unavyopanda ndivyo tone linavyonenepa. Tone nene linatawanya mwanga mwingi kuliko punje kavu, na leza haijui kwamba kilichoongezeka ni maji tu. Mitambo mikubwa ya vituo vya kupimia hewa huipasha hewa joto kwanza ili kuikausha. Vifaa vya nyumbani kwa kawaida havifanyi hivyo. Kwa hiyo tazama namba ya unyevu sambamba na ya vumbi kwa siku kadhaa. Zikipanda pamoja usiku na kushuka pamoja jua likikolea, unyevu unahusika. Moshi wa jikoni haufuati mwendo huo: hupanda ghafla, ukapungua chakula kikishaiva.

Mshukiwa wa pili ni uchafu ndani ya kifaa chenyewe. Vumbi likiganda kwenye kuta za chumba cha leza, au buibui akitanda utando mlangoni, mwanga unalifikia jicho hata hewa ikiwa safi. Hili linapimika. Chukua kontena la plastiki linaloonyesha ndani, lipanguse, weka kifaa na pawabenki yake, ufunike vizuri kwa saa kadhaa. Chembe zitatua na kunata kwenye kuta, na namba inapaswa kukaribia sifuri. Ikigoma kwenye 8 au 10, sifuri imehama: safisha milango ya hewa kwa brashi laini, kifaa kikiwa kimezimwa, kisha urudie.

Jaribio hilo halifichui leza iliyochoka. Leza hafifu inasoma sifuri vizuri kabisa, ila kwenye moshi inasema pungufu, na kosa la namna hii ndilo ninaloliogopa zaidi kwa sababu linamtuliza mtu asiyepaswa kutulia. Dawa yake ni kuazima kifaa kipya na kuviweka viwili bega kwa bega wakati wa kupika au kufukiza udi.

Kama kifaa chako kinapima pia hewa ukaa, kipimo hicho nacho kina kasoro yake. Taa yake hufifia kwa miaka, hivyo vifaa vingi hujirekebisha: huchukua namba ya chini kabisa ya wiki moja hivi na kuihesabu kuwa hewa ya nje, yaani sehemu 400 kwa milioni. Katika chumba cha kiyoyozi chenye watu usiku na mchana, namba hiyo huenda kwa kweli ni 600. Kifaa kinapunguza 200, na 1,200 inasomeka 1,000. Kitoe nje kivulini, mchana wenye upepo, mbali na pumzi za watu, kitulie, kisha ukirekebishe kwa mkono. Hewa ya nje, iliyokuwa kama 315 vipimo vilipoanza kwenye mlima wa Mauna Loa mwaka 1958, sasa imepita 420; ingiza hiyo 420 kama kifaa kinaruhusu.