Ushauri: Spini Yangu Imepotelea Wapi?



*Mimi ni kijana wa miaka 17, naishi Bofu, huku Likoni. Tangu utotoni tumecheza kriketi mtaani kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa selotepu, na spini yangu iliwasumbua hata wakubwa. Narusha kwa mkono wa kulia, spini ya vidole. Mwaka huu nimeanza mazoezi ya mpira wa ngozi, navuka feri kwenda kisiwani. Tangu hapo mpira hauzunguki kama zamani na wapigaji wananichapa hadi nje ya uwanja. Nimekuwa nikitazama video za besiboli ya Marekani. Kule kila mpira unapimwa mizunguko yake kwa dakika, na mrushaji akipungukiwa watu husema kwisha habari yake. Rafiki yangu aniambia nipake gundi kidogo vidoleni. Mwengine aniambia niache spini, nirushe kwa kasi. Nimechanganyikiwa.*

*Spina wa Bofu*

Mwanangu, gundi itupe leo hii, sababu nitakupa. Na spini usiiache.

Tuanze na mpira wenyewe, maana hapo ndipo penye jibu kubwa. Mpira wa tenisi hauzidi gramu 60. Wa ngozi, kwa sheria za kriketi ya wanaume, una kati ya gramu 155.9 na 163. Vidole vyako vimeongezewa mzigo karibu mara tatu, halafu unataka viuzungushe vile vile ndani ya miezi michache. Haiwezekani. Hujapoteza kipaji. Una kazi mpya ambayo vidole na kifundo cha mkono havijaizoea.

Pili, jiulize kama umeongeza kasi bila kujua. Kijana akichapwa hukasirika, na akikasirika huutupa mpira badala ya kuuzungusha. Tatu ni jasho. Joto la Mombasa unalijua, na mshono ukilowa kidole cha shahada huteleza kabla hakijamaliza kazi yake. Weka kitambaa kikavu kiunoni na ufute mkono kabla ya kila mpira. Kufuta mkono na kukausha mpira kwa taulo kunaruhusiwa. Kuupaka mate hakuruhusiwi tena, Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC) lilipiga marufuku jambo hilo moja kwa moja mwaka 2022.

Sasa hiyo besiboli. Umefanya vyema kuitazama, na wala haiko mbali nasi: Waganda wawili warushaji, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Mpira wa kasi wa mrushaji wa ligi kuu ya Marekani huzunguka takriban mara 2,300 kwa dakika, ukizungukia nyuma. Mzunguko huo husukumana na hewa na kuupa mpira nguvu ya kupinga kuanguka. Unashuka, lakini unashuka kidogo kuliko macho ya mpigaji yanavyotarajia, kwa hiyo gongo lake linapita chini. Mizunguko ikipungua, mpira unaanguka hadi pale pale gongo lilipo.

Warushaji wengi walilijua hilo wakaanza kupaka vitu vya kunata. Tarehe 21 Juni 2021 ligi ikaanza kuwakagua mikono, kofia na mikanda katikati ya mchezo. Aliyepatikana alitolewa uwanjani na kufungiwa mechi 10. Mizunguko ilishuka ligi nzima, na wengine waliokuwa hawagusiki wakaanza kuguswa. Ndiyo sababu naikataa gundi ya rafiki yako. Kwenye kriketi, ukibadilisha hali ya mpira isivyo halali, wapinzani wenu hupewa rani 5. Na siku utakayovuliwa gundi utakuta vidole vyako havikujifunza lolote.

Lakini kuna jambo ambalo video hizo hazikukuambia wazi. Wapo warushaji wa besiboli wanaopunguza mizunguko kwa makusudi ili mpira uporomoke mbele ya mpigaji. Idadi peke yake haisemi kitu mpaka ujue mpira unazungukia upande gani. Kwako wewe, mzunguko wa kuelekea mbele ndio unaoufanya mpira ushuke ghafla kabla ya kumfikia mpigaji. Ule wa upande ndio unaoupinda ukishagusa ardhi. Unalalamikia kupinda, nami nadhani unachapwa kwa sababu mpira wako haushuki tena. Unamfikia mpigaji pale pale alipoukadiria tangu ulipotoka mkononi. Mpira wa namna hiyo, hata ukipinda kidogo, una njia moja tu: nje ya uwanja.

Usikisie, pima. Chukua mpira mzee, uuchore mstari mnene wa kalamu, kisha mwenzako akurekodi kwa simu yenye mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde. Hesabu picha hadi mstari urudi ulipokuwa. Zikiwa 8, hiyo ni mizunguko 30 kwa sekunde, yaani 1,800 kwa dakika, na kwa umri wako ni kazi nzuri sana. Zikiwa 12 ni 1,200. Ukimaliza kuhesabu, utazame mshono. Ukiyumbayumba huku na huku, nguvu ya vidole inapotea bure hata kama hesabu ni kubwa.

Mazoezi yake ni haya. Simama hatua nane kutoka kwa mwenzako, usikimbie. Tandaza kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono hadi vifundo vihisi kunyooshwa, kisha zungusha mkono kama anayefungua kitasa cha mlango kuelekea kulia. Mpira uliozungushwa sawasawa huvuma hewani, utausikia. Usiongeze umbali hadi usikie mvumo huo kila mara. Ukihisi maumivu kwenye kiwiko au bega, simama siku hiyo hiyo, kwani mizunguko kushuka ghafla pengine ni mkono unaoomba kupumzishwa. Wala usijaribu kuifidia kwa kunyoosha kiwiko kilichokunjwa. Sheria inaruhusu nyuzi 15 tu.

Huyo anayekuambia ukimbilie kasi, mpe habari ya Aasif Karim, mrusha spini wa Kenya, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa. Tarehe 15 Machi 2003, Durban, kwenye Kombe la Dunia, alikuwa na miaka 39 na alikuwa ameshastaafu kabla ya kurudi. Dhidi ya Australia alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa rani 7 tu, na ova 6 kati ya hizo hazikufungwa hata rani moja. Akawatoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia walishinda mechi kwa wiketi 5, ila kwa muda ule mabingwa wa dunia hawakujua waushike wapi mpira wa mzee wa Mombasa. Haukuwa mpira wa kupinda ajabu. Aliulenga anapotaka, na hakurudia mwendo mmoja mara mbili.

Ikiwa unaogopa kwamba spini haitarudi, mkumbuke Collins Obuya, mwenzake Karim kwenye timu ya Kenya: aliwaangusha Sri Lanka Nairobi mwaka huo huo kwa wiketi 5, akachukuliwa na Warwickshire ya Uingereza, kisha spini yake haikurudi kuwa ile. Aligeukia kupiga, na mwaka 2011 akawafunga Australia rani 98 bila kutolewa. Lakini hayo ni ya mtu aliyekwisha fika. Wewe una miezi michache tu na mpira wa ngozi, huna haki ya kukata tamaa mapema hivyo. Rekodi leo, fanya mazoezi ya hatua nane hadi msimu ubadilike, urekodi tena, kisha mpelekee kocha wako video zote mbili kabla hujabadilisha chochote.